Somo: namna ya kumwona kaa wa gando kubwa akiwa kwenye shughuli zake

Wakuu, wengi wakifika kwenye tope la mikoko wanaona vishimo tu wanasema hapa hamna kitu, kumbe kaa wamejaa wamezama ndani kwa sababu wamekuona unakuja. Naongelea Austruca occidentalis, yule mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki. Zamani alihesabiwa aina moja na kaa wa Asia aitwaye Austruca annulipes, mwaka 2016 ndo akatengwa kuwa aina yake.

Hatua ya 1: nenda mchana maji yamekupwa. Yakijaa anaziba mlango na tope anatulia ndani.

Hatua ya 2, hapa ndo wengi wanafeli: keti chini kabisa na utulie. Macho yake yako juu ya vijiti, na chochote kinachochomoza juu ya upeo wa macho yake anakichukulia ni adui, kwa hiyo ukisimama kwake wewe sawa na ndege mla kaa. Subiri, watatoka mmoja mmoja.

Hatua ya 3: angalia anavyokula. Anachota tope, vinywele vya mdomoni vinachambua chakula, mchanga anautema vidonge vidonge, ndo vile unavyoviona vimetapakaa. Jike anachota na magando mawili, dume na lile dogo tu, lile kubwa halimsaidii kula hata kidogo.

Hatua ya 4: jike akipita madume wanapunga magando kwa pamoja, yaani inapendeza sana, na anayetangulia kuinua ndo ana nafasi nzuri.

MASWALI

Gando kubwa likikatika anakufa?
Hafi, linaota tena akijivua gamba. Ila jipya linakuwa jepesi na nguvu hamna, lakini wenzake kwa kuliangalia tu hawagundui. Hilo lilichunguzwa Inhaca, Msumbiji.

Mayai anaweka wapi?
Jike anayabeba chini ya tumbo akiwa shimoni, yakikomaa anaachia watoto majini, wanaelea baharini wiki kadhaa ndo warudi topeni.

Mashimo yote yanafanana, anajuaje lake?
Jamii hii ya kaa wanapima umbali kwa hatua zao wenyewe, na akiwa anakula mwili anauelekeza ubavu kwa shimo, ukimshtua anakimbia moja kwa moja bila hata kulitafuta. Kwa hiyo usikae kati yake na shimo lake.