Jinsi ya kuomba visima vya uchunguzi vichotwe sampuli, Lubumbashi

Ukikaa karibu na bwawa la taka za mgodi, unajua maji ya kisima chako yanavyobadilika ladha. Wengi hawajui kuwa ndani ya uzio wa kampuni huwa kuna visima vingine, vyembamba, vya bomba lenye kifuniko, ambavyo havikuchimbwa ili watu wanywe. Vinaitwa piezometa. Kazi yake ni kuonyesha maji ya chini ya ardhi yanabeba nini yakitoka kwenye taka kuelekea kwetu. Mwongozo huu ni wa kuomba vichotwe sampuli mbele ya macho yenu.

Kwanza, sahihi za watu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamruhusu kila Mkongomani kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Kisomeni kwa sauti kwenye mkutano wa avenyu, kwa Swahili, kabla ya kupitisha karatasi. Watu wengi hukataa kutia sahihi kwa woga, si kwa kutojali. Ongezeni kifungu cha 53, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, iende kwa huduma ya mazingira ya mkoa, na nakala kwa divisheni ya migodi, kwa burgumestre na kwa kampuni. Kila mahali mnapoacha barua, nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo, miezi mitatu haina siku ya kuanzia.

Sasa yaliyomo, na hapa ndipo mtumie muda wenu. Barua ya kwanza niliyosaidia kuandika ilisema tu, "tunaomba maji yapimwe." Yakapimwa kweli: maji ya bomba la langoni. Jibu likaja kwamba ni mazuri. Nililia siku ile, kwa sababu mama mmoja wa mtaa wetu alirudi kuchota kisimani kwa kuamini jibu hilo. Tangu hapo barua zangu hutaja kila kitu.

Tajeni angalau visima viwili: kimoja upande maji yanakotoka kabla ya kufika kwenye taka, kingine upande yanakoelekea. Ombeni kuanzia kile kinachodhaniwa kuwa safi, ili uchafu usihamie kwa pampu.

Ombeni kina cha maji kipimwe kabla ya kugusa chochote, kisha maji yaliyolala kwenye bomba yaondolewe, maana hayo hayasemi habari za ardhi. Desturi ya kawaida ni kutoa mara tatu ya ujazo wa maji yaliyomo. Bomba la upana wa sentimita 5 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita. Yakisimama mita 10, ni lita 20, yaani bidoni moja. Kwa hiyo bidoni tatu zijae kwanza. Hilo kila mmoja wenu anaweza kulihesabu. Kuna pia njia ya pampu ya polepole, isiyozidi nusu lita kwa dakika. Hapo hamhesabu bidoni, mnaangalia vipimo vitulie: pH (kipimo cha asidi ya maji) isipishane zaidi ya 0.1, na uwezo wa maji kupitisha umeme usipishane zaidi ya asilimia 3, mara tatu mfululizo.

Chupa ya maji ya kupimwa metali itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ile ya kupimwa salfeti (chumvi ya kiberiti) isitiwe. Andikeni kama maji yalichujwa au la. Zote zikae kwenye barafu. Salfeti na zebaki zipimwe ndani ya siku 28 tangu kuchotwa.

Na msisahau ombi hili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: chupa pacha. Kila chupa ya kampuni iwe na mwenzake wa kwenu, iliyojazwa dakika ileile, ikafungwa kwa utepe wenye sahihi za pande zote mbili, na fomu inayoonyesha nani aliishika na saa ngapi.

Kabla ya kuchagua maabara, ulizeni inaona kiwango gani cha chini. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi na arseniki, 3 kwa kadimiamu, 30 kwa urani. Maabara isiyoona chini ya hapo itaandika "haikuonekana", na watu watasoma "haipo". Kobalti haina kiwango cha shirika hilo. Kwa hiyo linganisheni kisima cha upande maji yanakotoka na kile cha upande yanakoelekea.

Ombeni zoezi lifanyike mara mbili: mwisho wa kiangazi, na katikati ya mvua.

Matokeo yakionyesha madhara, Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa 2018 inamtaka mwenye haki ya mgodi afidie hata kama hakukosea. Miezi mitatu ikipita kimya, andikeni barua ya pili siku inayofuata, mtaje tarehe ya muhuri, na mbandike nakala ya ile ya kwanza nyuma yake.