Hodhi la Kuogea Lililochakaa: Namna ya Kulipaka Upya Nyumbani

Nyumba nyingi za zamani hapa Nakuru bado zina mahodhi ya chuma kizito yaliyopakwa enameli, yaani tabaka gumu linalong'aa. Mng'ao ukiisha na kutu ikaanza kutambaa, watu hukimbilia kuling'oa. Usiling'oe. Chuma chenyewe huwa kizima, kilichokwisha ni ngozi ya juu tu.

Hatua ya 1: Weka sumaku. Ikinata, ni chuma, na maelezo haya yanakufaa. Isiponata ni plastiki, tafuta rangi iliyoandikwa kuwa inaifaa. Kama kutu imetoboa tundu, rangi haitaokoa kitu. Bomba linalodondosha maji lirekebishwe leo, si kesho.

Hatua ya 2: Kwangua kwa wembe silikoni yote, ule mpira laini unaoziba kingo za hodhi. Hodhi la kwanza nililopaka lilibanduka rangi kuzunguka tundu la maji baada ya miezi michache, kwa sababu niliacha uzi mwembamba wa silikoni pale ukingoni. Mteja alinilipa vizuri, nami nilirudi kuifanya kazi upya bila malipo.

Hatua ya 3: Osha. Ukoko mweupe wa maji ya kisima ufunike kwa kitambaa kilicholowa siki kwa nusu saa, kisha usugue. Fuatisha sabuni na maji moto, suuza mara tatu.

Tafadhali, usinunue dawa ya kubabua rangi yenye methilini kloridi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama ndani ya hodhi, pale pale unapoinamisha kichwa. Marekani, kati ya 2000 na 2011, mafundi 13 wa kazi hii walikufa kwa kemikali hiyo. Msasa unatosha.

Hatua ya 4: Piga msasa wa maji, namba 120 halafu 240, hadi mng'ao wote ufe. Usisugue kikavu: enameli ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Vaa barakoa, na tope lake ulifute lote.

Sasa mwagia maji. Yakitandaa kama utando mmoja, hodhi ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta ya sabuni bado yapo, rudi hatua ya 3. Mimi hurudi hata mara tatu, na sioni haya.

Hatua ya 5: Mapengo yazibe kwa fila (lipu ya kuzibia) ya epoksi, ikikauka lainisha. Acha hodhi likauke usiku kucha. Baridi ya Julai hapa kwetu huchelewesha epoksi kukauka, kwa hiyo paka saa nne asubuhi, madirisha wazi.

Hatua ya 6: Changanya rangi ya epoksi na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa kipimo cha kopo, usikisie. Mimina kwenye trei pana, maana ikirundikana kikombeni hupata moto na kuganda mapema. Paka kwa rola ya sponji, tabaka jembamba, mara mbili. Ukiona tone limeanza kuteleza ukutani mwa hodhi, lipitishie rola pale pale. Likishashika, liache, utalisugua kesho.

Hatua ya 7: Subiri siku zilizoandikwa kwenye kopo, ongeza mbili kama kuna baridi. Wenyeji waogee ndoo. Baada ya hapo, kusafisha ni kwa kitambaa laini na sabuni ya maji. Mkeka wa mpira wenye vikombe vya kunata usiwekwe humo kabisa, huivuta rangi ikang'oka nao.