Umenunua vasi ya glasi ya zamani kwa mnada? Anza na kitako

Wale mmeanza kununua vitu za zamani kwa minada huku Nakuru na Njoro, nawaomba kitu moja, ukifika nyumbani na vasi yako usiiweke kwa maji moto. Ile dhahabu ya mdomoni ni nyembamba sana inatoka, na glasi ikipata moto ghafla inapasuka. Kitambaa laini na maji vuguvugu kidogo, imetosha.

Yangu niliitoa mnada mmoja hapa Nakuru, glasi ya kijani, maua meupe na ya waridi, imeandikwa kwa karatasi ati ni Moser, kiwanda cha glasi cha Bohemia, Ucheki ya leo. Hilo jina ndilo lilinifanya niongeze bei na saa hii ndilo kitu ya mwisho naangalia.

Kwanza pitisha kidole juu ya maua. Enameli ya ukweli ni unga wa glasi wenye rangi, unapakwa na brashi halafu vasi inarudishwa kwa tanuri mpaka ule unga unayeyuka unashikana na glasi, kwa hivyo utasikia maua yameinuka na hata ukikwaruza na kucha hayatoki. Kama inabanduka vipande vipande kama rangi ya kucha, hiyo ilipakwa tu bila kuchomwa.

Sasa igeuze. Hapa ndipo mimi hukaa sana, na tochi ya simu imelazwa kando. Katikati ya kitako tafuta kovu, pale fundi alishikia glasi na chuma akimalizia mdomo. Inaweza kuwa na ncha za kukwaruza kama kitu imevunjwa, ama imesagwa ikabaki kishimo laini cha duara, na yangu iko na hicho kishimo. Halafu angalia ule ukingo unaokaa kwa meza, vasi imesukumwa huku na huku miaka mingi inakuwa na mikwaruzo midogo ya kila upande, mingine mirefu mingine kama nukta. Ukiona mistari yote inaenda upande mmoja, jua mtu amepitisha msasa ndio ionekane nzee.

Kando ya kishimo yangu iko na namba ndogo imeandikwa na brashi. Viwanda vya Bohemia viliandika hivyo sana, ni namba ya kazi, si mwaka. Neno Czechoslovakia likiwepo, ni ya baada ya 1918, Bohemia ilipoingia nchi hiyo. Na kukosa jina si kasoro, Moser wenyewe walianza 1857 huko Karlsbad, mji wa Bohemia, na kazi zao nyingi za mwanzo hazina sahihi, lakini sahihi pia inaweza kuongezwa juzi. Jina pia hupotosha, hata zile vasi zimechorwa watoto kwa enameli nyeupe zinaitwa Mary Gregory, huyo mama mchoraji alifanya kazi kiwanda cha Boston & Sandwich kule Marekani, na vasi nyingi za aina hiyo zilitoka Bohemia.

Kama glasi ni ya kijani ama manjano, omba duka la M-Pesa ile taa ya zambarau ya kukagua noti feki. Iking'aa kijani kikali gizani iko na uraniamu, ilianza kutiwa miaka ya 1830, ila bado wanatengeneza so hiyo peke yake haikupi umri.

Karatasi ya mnada nimeitoa nikaweka yangu, inasema: Bohemia, imepulizwa, enameli ya kuchomwa, kitako kimesagwa, mtengenezaji bado hajulikani.