Umepigwa na polisi Uganda? Jinsi ya kupeleka malalamiko hadi yasikilizwe

Askari anaruhusiwa kutumia nguvu pale tu inapolazimu, tena kwa kiasi. Ukishatiwa pingu, kila rungu linalofuata ni uhalifu. Ibara ya 24 ya Katiba ya 1995 imekataza mateso, na ibara ya 44 inasema haki hiyo haiondolewi kwa hali yoyote, iwe ni wakati wa uchaguzi au wa maandamano. Sheria ya kuzuia mateso ya 2012 humbana askari mwenyewe, hata akijitetea kwamba alitumwa na mkubwa wake.

Malalamiko mengi huishia njiani kwa sababu ushahidi haukuandikwa mapema. Ndiyo maana siku za kwanza nitazieleza kwa urefu.

Hospitali kwanza

Nenda ukatibiwe siku hiyo hiyo; matibabu hayangoji fomu. Mweleze daktari wazi kwamba umepigwa na askari, umepigwa kwa kitu gani, na wapi kunauma. Usiseme ulianguka, hata kama unaogopa, kwa kuwa maneno hayo yataandikwa na baadaye yatasomwa dhidi yako. Omba nakala ya ripoti. Piga picha za majeraha zenye kuonyesha uso wako pia, kisha uzirudie michubuko inapobadilika rangi. Nguo zenye damu usizifue: zikaushe, uziweke kwenye mfuko wa karatasi.

Halafu kuna fomu ya polisi namba 3, ambayo wengi tunaiita PF3. Hutolewa kituoni na kujazwa na mhudumu wa afya. Aliyenajisiwa au kubakwa hupewa PF3A. Fomu hizi hazilipiwi, kwa hiyo ukidaiwa pesa andika jina la anayedai na saa. Najua ni vigumu kurudi kwenye kituo kilekile ulikopigiwa. Nenda kituo kingine, ukiwa na ndugu au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Usiondoke kabla ya kupewa namba ya SD, yaani namba ya taarifa yako katika daftari la kituo.

Andika maelezo yako

Kabla hujalala, andika tarehe, saa, mahali, kituo, namba ya askari kifuani, namba ya gari na majina ya walioshuhudia. Kama gari halikuwa na namba, andika rangi na aina yake. Andika pia saa uliyokamatwa na saa uliyoachiwa: Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na kupitisha muda huo ni kosa jingine linalojitegemea.

Mahali pa kupeleka

Unaweza kumwandikia mkuu wa polisi wa wilaya, au kwenda PSU, kitengo cha polisi kinachochunguza askari. Njia hiyo yafaa kwa rushwa, lugha chafu na uzembe. Kwa kipigo kikali, mateso au kifo, mimi nakushauri usiishie hapo, maana polisi hawawezi kuachiwa wajichunguze peke yao.

Nenda Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Makao yake makuu yako Kampala, na ina ofisi za kanda zikiwemo Arua, Gulu, Mbarara, Fort Portal, Hoima na Jinja. Hulipi chochote, na huhitaji wakili. Unaweza kueleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, na ofisa akaandika. Mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali ana haki ileile ya kusikilizwa aliyo nayo raia. Kama mhusika amelazwa, yuko mahabusu au amefariki, ndugu anaweza kulalamika kwa niaba yake.

Toa nakala, nyaraka zenyewe baki nazo. Dai namba ya faili. Usikae sana: baada ya miaka mitano Tume haipokei tena lalamiko. Vilevile haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani.

Wachunguzi wa Tume huhoji pande zote. Kesi ikifika mbele ya baraza lake, baraza linaweza kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Fidia huchelewa sana serikali inapotakiwa kulipa, na hilo linaniumiza. Hata hivyo faili lina uzito wake. Novemba 2020, baada ya mgombea urais wa upinzani Bobi Wine kukamatwa, watu zaidi ya 50 walikufa katika siku chache za machafuko. Anayedai polisi wabadilike atahitaji majina, tarehe na ripoti za madaktari, na hivyo vinatoka kwa waathirika wenyewe.

Ukitishwa baada ya kulalamika, iarifu Tume mara moja ili tishio liingizwe katika faili hilohilo. Kituo cha ACTV mjini Kampala huwahudumia walioteswa, kwa tiba ya mwili na ya akili. Ukiamua kuishtaki serikali kwa madai ya kupigwa, tafuta wakili mapema, kwa sababu muda wa kufungua madai ya aina hiyo ni miaka miwili tu.