Jinsi ya kuomba mkopo wa asilimia 10 kununua simu na vifaa: kwa vikundi vya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, Kigoma

Tuanze kwa kuelewana: mkopo huu wa halmashauri si ruzuku. Kina mama wanaozunguka Gungu, Katubuka na Ujiji kuogesha wazee, kugeuza waliopooza na kukumbusha wagonjwa tarehe za kliniki huniuliza "zile hela za serikali za tableti", yaani zile simu za kioo kikubwa, zinapatikana wapi. Hela zipo, ila ni za kurudisha. Mkishazipokea mkadhani ni msaada, mtakuja kukimbiana mitaani.

Kisheria kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi hewa vilikuwa vimejipenyeza. Iliporudi mwaka 2024, uhakiki ulikazwa. Kwa hiyo mkiulizwa maswali mengi msinune.

Watu wa mjini wana jambo lao. Kigoma Ujiji ilikuwa kati ya halmashauri 10 zilizoteuliwa mwaka 2024 kutoa mikopo hii kwa majaribio kupitia benki. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu: dirisha la kuomba liko wapi sasa hivi, benki au halmashauri, na fomu ni zipi? Walioko Kasulu, Uvinza, Buhigwe, Kibondo na Kakonko waanzie kwa afisa maendeleo wao vilevile.

Hatua ya kwanza: majina na NIDA

Kikundi cha wanawake kiwe na watu watano au zaidi, wote Watanzania waliotimiza miaka 18, wasio na ajira rasmi. Nesi aliyeajiriwa zahanati anaweza kuwa mshauri wenu, mwanachama hapana. Kwa wenye ulemavu hata wawili wanatosha, na mmoja peke yake anaweza kuomba.

Kila mwanachama awe na namba ya NIDA. Mkoa wetu ni wa mpakani, uhakiki wa uraia huchukua muda, hivyo asiyekuwa na namba aanze kuifuatilia leo, si siku ya kujaza fomu. Halafu mwandike majina kama yalivyo kwenye NIDA. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilirudishiwa karatasi zake zote kwa sababu muhtasari wa kikao ulimtaja mwenyekiti kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtaa mzima unamjua hivyo, mfumo haumjui.

Hatua ya pili: usajili na akaunti

Andaeni katiba fupi ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi na orodha ya wanachama yenye sahihi. Afisa maendeleo atawaongoza hadi cheti cha usajili. Mkiwa na cheti, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Akaunti ya mweka hazina haikubaliki, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Hatua ya tatu: andiko la mradi

Hapa ndipo vikundi vya huduma majumbani huangukia. Andiko huja na sentensi kama "tunaomba tableti 10 ili kuboresha huduma kwa jamii." Nzuri kusikia, lakini kamati ya mikopo inauliza swali moja tu: hela itarudi vipi? Mzee wa Buzebazeba asiye na mtoto wala pensheni hatawalipa kitu. Mnamhudumia kwa imani, na muendelee, ila msimweke kwenye hesabu ya mapato.

Anayelipa ni yule mtoto aliyeko Dar es Salaam au Mwanza, ambaye mama yake kabaki Ujiji na mjukuu wa darasa la nne. Huyo hanunui kuogeshwa tu. Ananunua kulala usingizi. Anataka kila jioni ajue mama kala, kameza dawa, presha imesoma ngapi. Basi kazi ya simu iandikwe hivyo: simu ndiyo inayompa mteja wa mbali taarifa ya kila siku, na taarifa hiyo ndiyo inayomfanya atume hela kila mwezi. Kamati ikisoma hapo inaona biashara.

Halafu wekeni hesabu. Tuseme mnaomba milioni 6 za kurejesha kwa miezi 12. Hiyo ni laki 5 kila mwezi. Mkitoza familia 60,000 kwa mwezi, familia nane zinaleta 480,000, na tayari mmepungukiwa kabla ya nauli ya bodaboda, glovu na bando. Familia 12 zinaleta 720,000, hapo mnapumua kidogo. Kama leo mnazo tano zinazolipa, ombeni kidogo zaidi, au onyesheni chanzo cha pili. Sabuni ya mawese ni chanzo kinachoeleweka haraka hapa Kigoma, na nyingine mtaitumia kwa wagonjwa wenu wenyewe.

Kwenye orodha ya vifaa msijaze mapambo. Simu janja moja kwa wahudumu wawili wanaopokezana zamu, mashine chache za presha za kidijitali, sola ndogo ya kuchajia na daftari moja kubwa la akiba kwa siku simu ikizima. Kwa vijiji vya mwambao ambako mtandao unasuasua, chagueni programu inayohifadhi taarifa bila intaneti na kuzituma baadaye.

Na msijiite zahanati. Kupima presha na kuandika namba ni sawa. Kudunga sindano, kutoa dawa au kumwambia mtu anaumwa nini si kazi yenu, na andiko likigusa huko litawaletea balaa. Barua ya mganga mfawidhi wa zahanati ya jirani, inayosema anawafahamu na kwamba wagonjwa mnawapeleka kwake, itawasaidia sana.

Hatua ya nne: profoma

Chukueni profoma, yaani karatasi ya bei ambayo duka hukuandikia kabla hujanunua, kutoka maduka yasiyopungua mawili, yanayotoa risiti ya EFD. Bei ya kusikia kwa shemeji haihesabiki.

Hatua ya tano: kupeleka

Fomu, andiko, katiba, cheti, namba za NIDA, profoma na taarifa ya akaunti huingizwa kwenye mfumo wa maombi kwa msaada wa afisa maendeleo wa kata. Toeni nakala ya kila karatasi mbaki nayo. Maombi hupita kata, halmashauri na uhakiki wa wilaya. Watakuja kuwaona mnapofanyia kazi, kwa hiyo wanachama wote wajue andiko linasema nini, si katibu peke yake. Akitokea mtu wa kudai "hela ya kusukuma faili", kataeni.

Mkikubaliwa

Mtapewa mafunzo, kisha mkataba. Usomwe kwa sauti mbele ya wote: marejesho yanaanza lini, kiasi gani kwa mwezi, mmoja akihama deni lake analibeba nani.

Dukani, kabla ya kulipa, bonyezeni *#06# kwenye kila simu, chukueni namba ya IMEI mtume kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi. Laini zisajiliwe kwa majina ya wanaozitumia, na kila mmoja apige *106# kuona laini zilizo chini ya NIDA yake.

Bado kuna la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na anayezikusanya anapaswa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo simu iwe na nywila, mgonjwa au mlezi wake aweke sahihi ya ridhaa, na picha ya mzee akiwa kitandani isiingie kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, hata kwa nia ya kumwombea dua. Mteja wa Dar aliyeiona picha ya mama yake huko hatatuma 60,000 ya mwezi ujao, na marejesho yatakuwa yanasubiri.