Kabla trela halijatoka getini

Mwenye gari la porini akifikiria wezi, hufikiria gari kwanza. Anaweka alamu, anaweka traka, ananunua kufuli la usukani. Trela linabaki kama lilivyotoka kwa fundi wa kuchomelea. Mwizi anapiga hesabu kinyume chake: Land Cruiser ina milango ya kuvunja na injini ya kuwasha, trela halina hata kimoja. Akipata pikapu yenye mpira wa chuma wa kuvutia trela, wa milimita 50, ambao ndio saizi ya matrela mengi madogo, na dakika chache za giza, ameondoka nalo na kila kilichomo. Kwa hiyo anayejiandaa kwenda Ruaha au Katavi na trela nyuma, aanze na trela, tena wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia safari wakati mafundi wameshafunga.

Inama utazame pale trela linaposhikana na gari. Kikombe cha trela kinachokaa juu ya mpira kina mkono wa kukifunga, na kwenye mkono huo kuna tundu dogo. Wengi wanatia pini au waya, ilhali kufuli huingia pale pale. Chagua lenye shingo fupi na nene, lisiache nafasi ya kupenyeza mtaimbo. Ukishalitia, usijipongeze bado. Kikombe chenyewe kimefungwa kwenye chuma cha trela kwa bolti, mara nyingi mbili tu. Mwenye spana hana haja ya kugusa kufuli lako: anafungua bolti, anakuachia kikombe na kufuli juu ya mpira wako, anafunga kikombe alichokuja nacho. Mwambie fundi aweke tone moja la kuchomelea kwenye kila nati. Siku ukitaka kubadilisha kikombe itabidi likatwe kwa grenda, lakini siku hiyo si ya kila mwezi.

Mwizi ana njia ya tatu. Kama mpira wako umekaa kwenye chuma cha pembe nne kinachochomekwa nyuma ya gari, kinashikwa na pini moja iliyobanwa na kipini cha waya. Chomoa, vuta, trela limeondoka pamoja na mpira wako. Nunua pini yenye kufuli.

Trela likiwa limefunguliwa na kuachwa kambini wakati wewe umeingia hifadhini, kikombe kitupu kijazwe kwa kufuli la kuziba tundu lake. Na ule mnyororo wa usalama usiuache ukining'inia. Mtu anaweza kuuzungusha kwenye gari lake akalikokota trela polepole hadi barabarani, kufuli lako likiwa zima kabisa. Ukunje, uufunge juu. Tairi moja lipigwe pingu. Ukikosa pingu, pitisha mnyororo mnene kwenye rimu na kwenye ekseli au springi, maana ukiufunga kwenye rimu peke yake, tairi linafunguliwa na kuwekwa jingine.

Utaambiwa hakuna kufuli linaloshinda grenda ya betri. Kweli. Lakini grenda inapiga kelele na kutupa cheche, na mwizi anayelazimika kuiwasha katikati ya kambi yenye watu kumi atafikiri mara mbili. Tunachotafuta hapa ni kumchelewesha na kumlazimisha apige kelele.

Kama trela limebeba pikipiki za porini au zile za magurudumu manne, mikanda ya kukaza ni ya kuzuia mzigo usiruke. Mwizi anaifungua kwa mkono mmoja. Mnyororo upite kwenye fremu ya pikipiki, kisha kwenye chuma kilichochomelewa sakafuni. Ukiupitisha kwenye gurudumu la mbele, utaamka ukute gurudumu la mbele tu. Funika mzigo kwa turubai lisiloonyesha umbo. Pikipiki ya rangi ya chungwa inayong'aa stendi ya Morogoro inatangaza safari yako yote.

Sasa gari. Land Cruiser za zamani, hasa zenye injini ya dizeli ya 1HZ, hazina kompyuta ya kutambua ufunguo. Swichi ya kuwashia ikivunjwa, gari linaondoka. Kinachosaidia ni swichi ya siri. Pampu ya dizeli ya injini hiyo ina vali ndogo ya umeme inayoruhusu mafuta kupita, na waya wake ukikatwa injini haipati mafuta. Fundi umeme anaweza kuupitisha waya huo kwenye swichi utakayoificha. Usiifiche chini ya usukani wala chini ya kiti cha dereva, maana huko ndiko kila mtu anakotafuta. Na fundi atakayeifunga awe unayemfahamu, kwa sababu atakuwa mtu wa pili anayejua ilipo.

Magari mapya yanayowashwa kwa kitufe yana shida yake. Ufunguo unatoa mawimbi hata ukiwa juu ya meza, na kuna vifaa vya kuyarusha mawimbi hayo hadi lilipo gari likafunguka. Uingereza wezi wamekwenda mbali zaidi: wanachokonoa nyaya za taa ya mbele na kuingiza amri moja kwa moja kwenye mtandao wa kompyuta za gari. Mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi unasaidia kwa la kwanza. Kwa la pili, kufuli la usukani la kizamani, lile la chuma kizito, bado lina kazi.

Hata hivyo, tuseme ukweli: huku kwetu gari zima haliibiwi mara nyingi kama vipande vyake. Saiti mira, betri, kontroli boksi, tairi la spea, madumu ya mafuta yaliyo juu ya keria. Andika namba ya gari kwenye vioo. Betri ifungwe kwa ukanda wa chuma. Tairi la spea lililo kwenye mlango wa nyuma liwekewe nati yenye ufunguo wake, na ufunguo huo uandamane na spana ya tairi, la sivyo siku ya pancha utajiibia mwenyewe muda.

Traka ni nzuri, ila ielewe. Nyingi hutumia laini ya simu: kifurushi kikiisha imelala, na pasipo mtandao, kama sehemu kubwa ya ndani ya Ruaha, hutaona kitu mpaka gari lirudi penye minara. AirTag, kile kifuatiliaji kidogo cha Apple, inategemea simu za iPhone zilizo karibu. Porini inategemea swala. Ningekuwa na traka moja tu, ningeificha kwenye trela, iliyo na betri yake yenyewe.

Njiani, angalia unaposimama. Kutoka Dar kwenda Iringa, barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, kisha inapanda Kitonga, ambako ukiwa nyuma ya malori unakwenda mwendo wa kutembea na huoni kinachofanyika nyuma ya trela. Mlima huo upande mchana, na kama mko magari mawili, lenye trela litangulie. Iringa mjini tafuta nyumba ya wageni yenye uzio na geti linalofungwa, uegeshe trela likiwa limeshikana na gari, nyuma yake ukutani.

Ukifika, mtafute mlinzi wa usiku kabla ya kutafuta chakula. Mwamkie, "Shikamoo mzee," mwonyeshe gari na trela, mwambie mtakuwa wangapi na mtaondoka saa ngapi ili ajue nani hahusiki. Mpe chai nusu usiku huo, nusu asubuhi.

Mwisho, karatasi. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu tu, hailipi wizi wa gari lako. Bima kubwa ndiyo inayolipa. Usidhani trela limo ndani ya bima ya gari: uliza, pamoja na winchi na hema la juu, kisha majibu yaandikwe kwenye mkataba. Ukivuka mpaka, kadi ya njano ya COMESA inashughulikia madhara utakayomsababishia mwingine, haihusiani na gari lako kuibiwa. Kwa safari ya ndani ya nchi, kadi halisi ya gari iache nyumbani, beba nakala, maana gari na kadi yake vikiibiwa pamoja umemrahisishia mwizi kuuza. Piga picha za namba ya chesisi, ya injini na ile iliyogongwa kwenye chuma cha trela. Kama trela halina, gonga yako. Usishangae ukikuta namba ya chesisi ya gari lililotoka Japani haifiki tarakimu na herufi 17, ndivyo wanavyoandika kwa soko lao la ndani. Picha hizo zitumie kwa mtu aliyebaki nyumbani, kwa sababu simu yako huenda ikawa ndani ya gari, na kituoni namba hizo zitahitajika ukienda kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi.