Jinsi ya kuchagua kibodi ndogo ya MIDI ya kutengenezea muziki nyumbani

Kabla hujaanza kuangalia picha za kibodi zenye taa za rangi, jiulize kwanza mikono yako itakuwa inafanya nini pale. Kuna mtu anapiga melodi kwa vidole viwili vitatu afu anarekebisha kwenye skrini, kuna mwingine anagonga ngoma kwa vidole mpaka biti ikae, na kuna yule amekulia kwenye kinanda, bila mikono miwili hawezi hata kuwaza wimbo. Hawa watatu hawatakiwi kununua kibodi moja hata kama zote zinaitwa kibodi ndogo. Wengi wanachagua kwa kuhesabu vitu, hii ina nobu (vile vitufe vya kuzungusha) nane ile ina nne basi ya nane ndo nzuri, kumbe hizo nobu zitakaa tu bila kuguswa na kii (vibao vya kupigia noti) ndo hazipigiki. Mi naanza na kii, mengine yanafuata.

Ila kuna kitu kimoja inabidi kikae sawa kwanza, kibodi ya MIDI haina sauti ndani yake. Ukiichomeka na kubonyeza bila programu hutasikia kitu, manake inachotuma ni taarifa tu, noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa saa ngapi, sauti yenyewe inatoka kwenye programu ya muziki au plagini (kiprogramu cha sauti kinachofunguka ndani ya programu ya muziki) iliyoko kwenye kompyuta au simu yako. Lugha hiyo ilitoka 1983, nyuma yake wakiwepo Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland waliotaka vyombo vya kampuni tofauti vielewane, na mpaka leo kibodi nyingi zinaongea hivo hivo, noti 128, nguvu ya kubonyeza kuanzia 0 mpaka 127, chaneli 16. Kwa hiyo kibodi ya bei kubwa haikupi piano tamu kuliko ya bei ndogo kama zote zinaendesha plagini ileile, usidanganyike hapo. Unacholipia ni jinsi inavyoshikika, jinsi inavyosoma vidole vyako, na urahisi wa kuiunganisha. Zipo chache zenye sauti na spika humohumo, mfano Akai MPK Mini Play, hizo ni kwa anayetaka kupiga hata pasipo kompyuta.

Haya, twende kwenye kii. Ndogo nyingi zina kii 25, yaani oktava mbili na kii moja ya juu, zikifuatiwa na 32 na 37, ukifika 49 tayari inataka meza yake. Kwa melodi, besi na kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za mkono mmoja 25 zinatosha kabisa, kuna vibonyezo vya kupanda na kushuka oktava kwa hiyo noti zote unazifikia, sema si kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto ukishika besi na wa kulia ukitaka kodi, kwenye 25 vidole vinagombania nafasi, utachoka mapema. Kama wewe ni mtu wa mikono miwili anza kutafuta kuanzia 37, na 49 ndo utapumua vizuri, hata kama itabidi uisimamishe ukutani ukimaliza kupiga.

Afu kuna upana wa kii zenyewe, na hapa ndo naona watu wanapita haraka sana. Kuna kii za kawaida, ambapo oktava moja ina kama sentimita 16 na nusu sawa na piano, na kuna kii ndogo zilizobanwa ili kibodi iingie kwenye begi la kompyuta. Kii ndogo si mbaya, watu wanatengeneza muziki mzito juu yake, tatizo linakuja kwa aliyezoea kinanda maana mkono una kumbukumbu ya umbali, ukirusha kidole kutafuta noti unaangukia ya jirani. Ukipata nafasi ya kuigusa kabla ya kununua usibonyeze kii nyeupe kwenye ncha tu kama wengi wanavyofanya, piga kodi yenye kii nyeusi mbili au tatu, utaona vidole vinalazimika kuingia ndani na huko ndani kii fupi zinakuwa ngumu zaidi kwa sababu uko karibu na mahali zinapojikunjia. Kodi hiyo moja itakuonesha mengi kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.

Velositi nayo usiiache, yaani uwezo wa kibodi kusoma umebonyeza taratibu au kwa nguvu. Kibodi nyingi za sa hivi zinayo ila hazisomi sawasawa, kuna ambayo ukibonyeza taratibu inaruka mpaka sauti kubwa, katikati hamna kitu, na hapo piano yoyote utakayoifungua itasikika kama inapigwa na mashine. Jaribu hivi, fungua sauti ya piano (sio ogani, ogani nyingi hazijali umebonyeza kwa nguvu gani), shika kii moja tu, anza kidogo kabisa na uongeze nguvu polepole, ukiwa na programu inayoonesha namba za velositi ndo vizuri zaidi, unataka uone namba zikipanda kwa mpangilio, 20, 35, 60, 90, sio 15 halafu ghafla 110. Nyingi zina mpangilio wa kubadilisha mkunjo wa velositi, laini, kawaida au ngumu, kwa hiyo kama vidole vyako ni vizito jaribu huko kabla hujailaumu. Kuna na afutatachi, ile ya kukandamiza kii ikiwa tayari iko chini ili sauti ibadilike, kwenye ndogo ni adimu ingawa Arturia KeyStep yenye kii 32 inayo, kwa anayeanza sio kitu cha kukunyima usingizi.

Pedi sasa. Hizi za mpira zimetoka kwenye ukoo wa mashine za kutengenezea biti za MPC, Roger Linn aliibuni MPC60 na Akai wakaitoa 1988 ikiwa na pedi 16, nne kwa nne, na watu wa hiphop wakaifanya kuwa chombo cha kupiga kabisa. Kwenye kibodi ndogo hupati zote hizo kwa mpangilio ule, MPK Mini ina pedi nane na kibonyezo cha kuhamia kundi la pili, Launchkey Mini ya Novation ina 16 ila ziko mistari miwili ya nane nane. Kama kiki, sneya na haihati (sauti za ngoma) unazipanga kwa mausi, pedi kwako ni mapambo na uamuzi mzuri ni kwenda kwenye kibodi isiyo nazo yenye kii bora. Kama unagonga, basi zigonge kweli pale dukani, roli za haraka kwa vidole viwili, halafu mapigo madogo kabisa ya kujazia, pedi mbaya utaijua kwa sababu inataka uipige kwa hasira ndo isikie, au unagonga moja na ya pembeni inalia. Notiripiti, ile ya kushikilia pedi ikarudia yenyewe kwa tempo, ni kitu kitamu mno kwa haihati, kama unafanya trapu au drili hakikisha ipo.

Kuhusu nobu nitasema moja tu ambayo huioni kwenye picha. Kuna nobu zinazogota mwanzo na mwisho, na kuna zinazozunguka bila kikomo. Zinazogota zina usumbufu wake, umeacha nobu katikati ukihariri plagini moja, unahamia plagini nyingine ambayo sauti yake imefunguliwa mpaka mwisho, ukigusa tu inaruka kwenda katikati, na kama ulikuwa unarekodi imeingia hivo hivo. Baadhi zina namna ya kusubiri mpaka nobu ifike ilipo thamani ya kwenye skrini ndo ianze kufanya kazi, inasaidia. MPK Mini toleo la pili zilikuwa zinagota, toleo la tatu zinazunguka, na MiniLab 3 ya Arturia pia zinazunguka. Kama unapenda kuzungusha filta (inayofungua au kuziba sauti) huku wimbo unaenda hii tofauti utaihisi, kama nobu huzigusi basi pita.

Pichi bendi (ya kuvuta noti juu au chini) iangalie pia kwa anayependa besi za 808 (besi nzito za kielektroniki) zinazoteleza au solo za sinthi (chombo cha kielektroniki kinachotengeneza sauti). Gurudumu linalorudi lenyewe katikati ndo zuri zaidi kwa mkono, ila kwenye ndogo nafasi haipo kwa hiyo unakuta utepe wa kugusa au kijiti, na kijiti kinataka uzoefu kwa sababu ukikisukuma pembeni kinaenda na juu kidogo.

Sasa matundu ya nyuma. USB ndo inaleta umeme na taarifa kwa pamoja, sawa. Angalia kama kuna tundu la pedali ya sasteni (ya mguu, inayoshikilia noti ziendelee kulia) maana baadhi ya ndogo halipo kabisa, na ukipiga piano bila pedali utakuwa unachora sasteni kwa mausi, kazi ya kuchosha. Ukichomeka pedali na inafanya kinyume, yaani noti zinashikwa ukiwa umeinua mguu, sio mbovu, kibodi nyingi ukiiwasha bila kukanyaga pedali inajipanga sawa, au geuza swichi ya chini ya pedali kama ipo. Kama una sinthi ya zamani unayotaka kuiendesha utahitaji MIDI ya pini tano, MiniLab 3 inayo. Na kama studio yako ni simu, Android inataka adapta ya OTG (ya kuchomekea USB kwenye simu), iPhone za tundu la Lightning zinataka adapta ya Apple ya kamera, na ikikuambia kifaa kinakula umeme mwingi tumia habu ya USB yenye umeme wake.

Programu unayotumia nayo ina neno. Kibodi yoyote itapiga noti kwenye programu yoyote, hilo lisikutishe, lakini vibonyezo vya plei, rekodi na miksa vinafanya kazi vyenyewe pale tu kibodi na programu zinapojuana. Launchkey imetengenezwa ikiwa na Ableton Live kichwani, FLkey ya Novation ni ya watu wa FL Studio, Komplete Kontrol ni kwa aliye ndani ya sauti za Native Instruments. Ukitumia kitu kingine kama Reaper huenda ukalazimika kufundisha nobu moja moja, inawezekana, ni uvumilivu tu. Apejieta (inapiga noti za kodi moja moja kwa zamu), modi ya skeli (inakuweka kwenye noti zinazoendana) na modi ya kodi (kii moja inatoa kodi nzima) ni vizuri kuwa navyo, ila programu nyingi zinafanya hayohayo kwa hiyo visikufanye ukubali kii mbaya.

Ukishainunua na ukaona noti inachelewa, usikimbilie kuirudisha. Mara nyingi kibodi haina kosa, ni bafa ya sauti kwenye kompyuta, yaani kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuitoa. Kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 peke yake inaongeza kama milisekunde 23 na vidole vinazihisi, ya 128 ni kama milisekunde 3 tu. Ishushe mpaka pale sauti inapoanza kukatika halafu panda hatua moja. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (inayopunguza kuchelewa kwa sauti). Na hedifoni za Bluetooth zitoe kabisa wakati wa kupiga, hata ufanye nini zitachelewa, chomeka za waya.

Kwa wanaonunua iliyotumika, njoo na kompyuta yako. Bonyeza kila kii moja moja kwa nguvu ileile, taratibu, ukitazama namba, unatafuta iliyokufa na ile inayotoa noti mbili kwa mguso mmoja. Tikisa waya wa USB kidogo huku unapiga, ikikatika tundu limelegea. Acha nobu bila kuzigusa uone kama kuna namba zinacheza zenyewe. Na muulize muuzaji kuhusu leseni za programu zilizokuja nayo, maana huwa zinasajiliwa mara moja kwa jina la mtu wa kwanza, kama alishazitumia na hawezi kukuhamishia basi hesabu unanunua kibodi tupu na bei iendane na hilo.